Fidla za Weiser na Masikio ya Watoto

Kusini magharibi mwa jimbo la Idaho, katika Marekani, pale ambapo mto Weiser humwaga maji yake katika mto Snake, na ng'ambo yake ndiyo ardhi ya jimbo la Oregon, upo mji mdogo wenye jina la mto huo wa kwanza, mji wa wakulima wa vitunguu na wafuga ng'ombe, ambao idadi ya watu wake ni kiasi cha elfu tano tu, na ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna jambo la kumshawishi msafiri ashuke garini. Lakini liwadiapo juma la tatu la mwezi wa Juni, mji huo hupokea wageni kutoka majimbo ya mbali na hata kutoka Kanada, wazee kwa vijana, waume kwa wake, kila mmoja na kisanduku chake cha fidla mkononi. Na kwa muda wa siku kadhaa, tangu asubuhi hata usiku wa manane, mtu apitaye njia za mji ule haendi hatua nyingi bila ya kusikia sauti ya upinde ukipita juu ya nyuzi.

Hayo ndiyo Mashindano ya Taifa ya Wapiga Fidla wa Mtindo wa Kale, na mtoto aliyelelewa Weiser huyajua kabla hajajua kusoma. Kwake juma hilo ni likizo ya kiangazi iliyoanza, ni maandamano ya Jumamosi katika njia kuu, ni harufu ya vyakula vinavyouzwa barabarani, ni wageni wasiojulikana walioketi katika viti vya kukunja, wakipiga nyimbo ambazo yeye atazibeba kichwani maisha yake yote ingawa majina ya nyimbo hizo hatayakumbuka. Rai yangu, ambayo nitaitolea hoja katika makala haya, ni kwamba thamani ya mashindano hayo imo katika masikio ya watoto kuliko katika taji avikwalo mshindi. Na kwamba hata hasara iliyoletwa na mashindano, kwa kuwa hasara ipo, imefidiwa na faida hiyo.

Ala yenyewe si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili. Mtu wa pwani aijua fidla kwa taarabu, kwa kuwa vyama kama Ikhwani Safaa cha Unguja, kilichoasisiwa mwaka 1905, viliipa nafasi ya mbele pamoja na kanuni, udi na nai. Na mtu wa bara aliyewasikia Wajaluo wakipiga orutu, au Wagogo wakipiga zeze, atafahamu bila ya kuelezwa zaidi jinsi upinde uwezavyo kutoa sauti ndefu isiyokatika, ambayo vidole juu ya gita haviwezi kuitoa. Fidla ya Weiser ndiyo ile ile ya taarabu, na ndiyo ile ile ya wanamuziki wa Ulaya waketio mbele ya karatasi zilizoandikwa noti. Tofauti imo katika mkono wa mpigaji na katika namna aliyofunzwa. Mpigaji wa mtindo wa kale aghalabu hakujifunza kwa karatasi; lahani zake alizipokea kwa sikio kutoka kwa baba, au mjomba, au jirani, na hao nao walizipokea vivyo hivyo, na ukiifuatia asili yake nyuma utaikuta Skotilandi, Ayalandi na Uingereza, na vilevile utaikuta Afrika.

Jambo hili la Afrika lataka kutajwa waziwazi, kwa sababu wengi walioandika juu ya fidla za Marekani wamelipita upesi. Katika karne ya 18 na ya 19 wengi wa wapigaji mashuhuri katika majimbo ya kusini walikuwa watumwa weusi, ambao mabwana zao waliwatuma wapige katika dansi za watu weupe. Na banjo, ambayo katika muziki huu huketi bega kwa bega na fidla, iliundwa na Waafrika waliovushwa bahari, kwa mfano wa ala walizoziacha Afrika ya magharibi. Solomon Northup, mtu huru wa New York aliyetekwa kwa hila mwaka 1841 akauzwa utumwani, akakaa huko Louisiana muda wa miaka 12, alikuwa mpiga fidla, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1853 ameeleza jinsi ala hiyo ilivyomliwaza katika dhiki ile. Mtu asikilizapo leo lahani ya mbio kutoka Tennessee au Georgia, na kuusikia mdundo wake ukitangulia na kuchelewa kwa makusudi, husikia pia kazi ya mikono ya watu hao ambao majina yao hayakuandikwa.

Desturi ya kuwashindanisha wapigaji ni kongwe kuliko taifa lenyewe la Marekani. Katika miaka ya 1730, Virginia ilipokuwa bado koloni la Mwingereza, ilitangazwa gazetini kwamba siku ya Mtakatifu Andrea, katika wilaya ya Hanover, pamoja na mbio za farasi na michezo mingine wapigaji watashindana, na zawadi ya atakayeshinda ni fidla. Tangu hapo desturi ilifuatana na walowezi kila walikohamia. Mwaka 1913 mji wa Atlanta ulianza mkutano mkubwa wa kila mwaka, ambao wapigaji weusi walifungiwa mlango wake, nayo ni aibu isiyofichika. Na mwaka 1926 Henry Ford, tajiri wa magari, aliyezipenda dansi za zamani na kuuchukia muziki wa jazi, aliwatumia wauzaji wa magari yake kuandaa mashindano ya fidla katika miji mingi. Fidla ilikuwa imekwisha kuwa alama ya zama zilizopita, na watu walianza kuipigania kwa sababu waliiona inaponyoka.

Weiser nayo ilikuwa na historia yake. Palikuwa na shule ya bweni mjini hapo, Intermountain Institute, iliyoasisiwa mwaka 1899, ambayo wanafunzi wake walilipia sehemu ya masomo kwa kazi za mikono, na huko yalifanyika mashindano ya fidla mwaka 1914. Kisha jambo likafifia. Aliyelifufua ni Blaine Stubblefield, mpenzi wa nyimbo za wahenga, ambaye mwaka 1938 aliimba mbele ya Alan Lomax, mkusanyaji mashuhuri, ili sauti yake ihifadhiwe katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mtu huyu alikuja kukaa Weiser akawa katibu wa chama cha wafanyabiashara cha mji, na mwaka 1953 alikiomba chama hicho dola 175 ziwe zawadi za wapiga fidla. Fedha hizo zilitolewa, na shindano la kwanza likafanywa katika mapumziko ya tamasha la dansi, wachezaji walipokuwa wakipangusa jasho. Stubblefield alifariki mwaka 1960. Miaka mitatu baadaye, Idaho ilipoadhimisha miaka 100 tangu kufanywa eneo la utawala, kabla haijawa jimbo, shindano lake lilipewa daraja ya kitaifa.

Kanuni za Weiser zastahili kuelezwa kwa tuo, kwa kuwa zimebuniwa na watu walioujua muziki huu kwa ndani. Kila mshindani hupiga lahani tatu, na zote tatu sharti ziishe ndani ya dakika nne. Azidishaye hupunguziwa alama. Ya kwanza ni lahani ya mbio, ya zile dansi zilizochezwa katika maghala ya wakulima, ambayo kwayo hupimwa wepesi wa mkono na uthabiti wa mwendo. Ya pili ni wolzi, ya mapigo matatu, ya taratibu, ambayo haimsitiri mtu mwenye sauti mbaya, kwa maana kila noti hukaa hewani muda wa kutosha kuchunguzwa. Ya tatu ni hiari yake, ilimradi isiwe ya aina mojawapo ya hizo mbili, na aghalabu huwa polka au ragtaimu. Fauka ya hayo, mshindani apandaye kutoka duru moja hadi nyingine haruhusiwi kurudia lahani aliyokwisha kuipiga, hata ikawa anayetaka taji kuu lazima awe na akiba kubwa ya lahani kichwani, kila moja imekomaa.

Zipo lahani zilizokatazwa. Hapana ruhusa ya kupiga nyimbo za mizungu, kama ile iitwayo "Orange Blossom Special", ambayo ndani yake mpigaji huiga king'ora cha garimoshi na kishindo cha magurudumu yake, na ambayo popote ipigwapo huwainua watu vitini. Wenye mashindano waliona kwamba ikiachiwa mlango, kila mtu ataipiga hiyo, na zile lahani za kale zitakufa kwa kukosa wa kuzipiga. Naona walikata shauri jema, ijapokuwa waliwanyima wasikilizaji burudani waliyoipenda.

Lakini kanuni ambayo mimi naiheshimu kuliko zote ni ile ya waamuzi. Hawa hawaketi ukumbini. Huwekwa katika chumba cha faragha, mbali na jukwaa, na sauti ya fidla hupelekwa kwao kwa nyaya. Hawamwoni mpigaji, wala hawatajiwi jina lake, wala hawasikii makofi ya watu. Hawajui kama apigaye ni bingwa wa mwaka jana au ni mgeni aliyefika leo asubuhi, kama ni mwanamume au mwanamke, kama amevaa suti au amevaa nguo za shambani. Wanalopewa ni sauti tu, nao huipima kwa usafi wake, kwa mdundo wake, kama mtu angaliweza kucheza dansi kwa mdundo huo, na kwa uaminifu wake kwa mtindo wa kale. Wanawake kadhaa wamelitwaa taji kuu kwa njia hiyo, na vijana ambao ndevu hazijawaota wamewashinda watu wa umri wa baba zao.

Nje ya shindano la taji kuu, washindani hugawanywa kwa umri. Mwisho mmoja wa safu wapo wazee wa miaka 70 na zaidi, na mwisho wa pili wapo watoto wadogo wa miaka 8 na chini yake; baada yao hufuata wa miaka 9 hadi 12, kisha wa 13 hadi 17. Mtoto wa miaka 6 hawezi kuishika fidla ya mtu mzima, kwa hivyo hupewa ya kimo chake, maana ziko fidla za robo, za nusu na za robo tatu, na kila akikua hubadilishiwa kama abadilishiwavyo viatu. Hupanda jukwaani, na nyuma yake huketi mpiga gita, ambaye mara nyingi ni baba yake au mama yake mzazi, na ukumbi mzima hunyamaza. Lahani ya kwanza ambayo watoto wengi wa Marekani hufunzwa ni ile ya kupika kabichi, "Boil Them Cabbage Down", kwa kuwa noti zake ni chache na mwendo wake humzoeza mtoto ule mvuto wa upinde ambao ndio msingi wa fani yote: mvuto mmoja mrefu, miwili mifupi, mmoja mrefu, miwili mifupi, mpaka mkono ufanye wenyewe bila ya kuamrishwa.

Hata hivyo, mtu akiyaona ya ukumbini tu akarudi kwao, ameiona sehemu ndogo ya Weiser. Kambini ndiko mtoto ajifunzako. Wageni hupiga mahema na kuegesha magari yenye vitanda katika viwanja vilivyo wazi, na kiwanja kimoja mashuhuri huitwa Stickerville. Jua la Juni huwa kali mchana, na jioni ikiingia hewa hupoa, watu hukokota viti vyao wakafanya duara. Hapana karatasi wala mkuu wa duara. Mmoja huanza lahani, gita hushika mdundo, wengine huingia. Na kwa kuwa karibu lahani zote za mtindo huu zina sehemu mbili, ya chini na ya juu, na kila sehemu hupigwa mara mbili kabla ya kuipokea nyingine, na zima hurudiwa tena na tena kwa dakika kadhaa, mtoto aliyesimama nyuma ya kiti cha mzee huisikia lahani moja mara kumi au zaidi kwa usiku mmoja. Mara ya kwanza hupata mwendo. Mara ya tatu hupata umbo, akajua wapi inapanda na wapi inashuka. Baadaye vidole vyake huanza kutafuta noti polepole, kwa sauti ndogo, chini ya sauti za wakubwa, ambako kosa lake halimsumbui mtu. Akikwama, mzee humwonyesha kidole kiwekwe wapi, wala hamwambii zaidi. Hiyo ni shule isiyo na ada wala mtihani, na mwalimu wake huenda kesho akawa mshindani wa baba wa mwanafunzi, wala hilo halimzuii kufunza.

Ushahidi ulio bora wa hayo ni maisha ya Mark O'Connor, aliyezaliwa Seattle mwaka 1961. Alikuwa mtoto wa gita, na fidla aliishika akiwa na miaka 11. Alipopelekwa Weiser alikutana na Benny Thomasson, mzee wa Texas aliyezaliwa mwaka 1909, ambaye wakati huo alikuwa amehamia jimbo la Washington, na ambaye alilitwaa taji kuu la Weiser mwaka 1974. Thomasson alimpokea mtoto yule akamfunza bila ya choyo. Mwaka 1979 O'Connor, akiwa na umri wa miaka 17, alitwaa taji kuu, akalitwaa tena mwaka 1980, na 1981, na 1984; baadaye akatunga muziki kwa ajili ya okestra, na mwaka 1996, pamoja na Yo-Yo Ma na Edgar Meyer, akatoa santuri ya "Appalachia Waltz" iliyosikilizwa hata na watu ambao hawajapata kuikanyaga nchi ya Idaho. Ukiyafuata mafanikio hayo mpaka chemchemi yake, utafika kwa mzee mmoja na mtoto mmoja, na fidla mbili.

Sasa niseme juu ya hasara. Katika zama za kabla ya redio na santuri, kila bonde la Marekani lilikuwa na upigaji wake: mtu wa milima ya Virginia hakupiga kama mtu wa Missouri, wala wa Missouri kama wa New England. Texas nayo ilikuwa na mtindo wake, wa Eck Robertson, ambaye mwaka 1922 alikwenda New York akarekodi "Sally Goodin" na kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuutia muziki wa mashambani katika santuri. Katika mtindo huo lahani haikurudiwa vile vile. Kila ilipozunguka mpigaji aliipamba upya, akaipandisha, akaigeuza, ilhali gita nyuma yake halikukaa mahali pamoja bali lilitembea kutoka sauti hadi sauti. Thomasson na wenzake waliukamilisha, na walipofika Weiser waliwashangaza watu, wakashinda. Na kwa kuwa washindi huigwa, muda si mrefu vijana wa Idaho, Oregon na Montana walikuwa wakipiga kama Wateksas. Mitindo mingine ya wenyeji, iliyo sahali zaidi, iliyofaa kwa wachezaji kuliko kwa waamuzi, ilirudi nyuma, na baadhi yake hapana tena anayeipiga vema.

Wako wataalamu wanaoyalaumu mashindano kwa jambo hilo, na lawama yao ina haki. Shindano hutaka kipimo, na kipimo hupenda kinachopimika. Mzee ambaye lahani yake ilikuwa na utamu wa kijiji kimoja tu hakuweza kupata alama mbele ya kijana aliyekuja na mapambo sita. Lakini na sisi tujiulize nini kingalitokea lau Stubblefield asingaliomba dola zake 175. Katika miaka ile ya 1950 vijana wa Marekani walikuwa wakiusikiliza muziki mwingine kabisa, maghala mengi ya kuchezea dansi yalikuwa yamefungwa, na wazee waliozijua lahani walikuwa wakifa mmoja mmoja bila ya mwanafunzi. Mtindo mmoja uliotawala ni pungufu kuliko mitindo kumi, lakini ni bora kuliko ukimya. Na mtoto aliyefunzwa masikio yake kwa mtindo mmoja anaweza baadaye kwenda kuitafuta mingine katika santuri za zamani, na vijana wa leo wanafanya hivyo, ilhali mtoto ambaye hakufunzwa kitu hatatafuta kitu. Kwa sababu hiyo nasimama upande wa Weiser.

Zamani habari hizi zingalikuwa za nchi ya mbali tu kwa msomaji wa Kiswahili. Leo sivyo, kwa kuwa Boise, makao makuu ya Idaho, ambayo ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka Weiser, imekuwa maskani ya jamaa nyingi zilizotoka Kongo na Burundi kwa njia ya ukimbizi, na Kiswahili husemwa katika nyumba zao. Kwao natoa ombi hili: mwezi wa Juni ukifika, wapelekeni watoto wenu Weiser, muwakalishe ukumbini mchana, na jioni muwapeleke kambini, na mwenye gita, zeze au ngoma nyumbani kwake aichukue, kwa kuwa kanuni za jukwaani haziwafuati watu mpaka kambini, na kiti cha mgeni katika duara hupatikana.